Gari Lisilo na Nafasi ya Mgonjwa

Mama Mkunga hakugusa gari lolote kabla ya kunawa mikono. Nilimwona akifanya hivyo Tabora, Mwanza, Dar es Salaam na hata Mpulungu kwa Wazambia, mbele ya wauzaji waliozoea wateja wa kupiga matairi mateke. Yeye aliomba maji kwanza. Akanawa mpaka viwikoni, akakung'uta vidole, ndipo akaweka kiganja juu ya boneti na kutulia, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kinachocheza ndani. Muuzaji naye ilibidi anyamaze. Nimewaona watu wazito, wenye maduka na malori, wamesimama na kopo la maji mkononi wakingoja kuambiwa kama gari lao liko salama.

"Hili ni uzao wa ngapi?" aliwauliza.

Alikuwa na maana kwamba gari limepita kwa wenyewe wangapi. Walioelewa walijibu haraka. Wasioelewa walinitazama mimi, nami nikawatafsiria, maana kwa miaka karibu minne nilikuwa mkalimani wake mbele ya wauza magari.

Mimi ni fundi magari. Wakati huo gereji yangu ilikuwa Mwanga, hapo Kigoma mjini, mgongoni mwa soko, kati ya mafundi cherehani na wauza mabeseni. Yeye aliishi Ujiji na mume wake, karani wa reli aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu. Jina lake analo, ila mjini kwetu hakuna aliyelitumia. Nusu ya watu niliowatengenezea magari walizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine watoto wao walizaliwa mikononi humohumo.

Siku ya kwanza alinijia asubuhi, bado ana sare nyeupe ya kazini na kanga juu yake, saa ndogo imebanwa kifuani kwa pini. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Malori na magari meupe ya misaada yalikuwa mengi barabarani kuliko baiskeli, na yeye hospitali ilikuwa imemtoa kwenda kufanya kazi kambini, upande wa Kasulu, wiki tatu huko, wiki moja nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Nataka gari."

"La aina gani?"

"La spoti. Milango miwili, viti viwili, chini chini. Mtu wa tatu asipate pa kukaa."

Nilicheka. Nisiseme uongo, nilicheka mpaka spana ikanidondoka. Yeye aliitazama saa yake ya kifuani na kungoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Umecheka nusu dakika nzima. Una mapafu mazuri. Sasa niambie magari hayo yanapatikana wapi."

Nikamweleza kwamba mji wetu una kipande kimoja tu cha lami, cha kutoka kituo cha reli mpaka Ujiji, na kwamba gari la spoti likitoka nje ya lami hiyo litaacha tumbo lake njiani. Akasema kipande hicho kinamtosha, hana haja ya kwenda mbali. Nikamshauri achukue gari dogo la kawaida, lenye viti vya nyuma, aweze kubeba hata wajukuu.

"Fundi," akasema, "Kigoma hii gari lolote lenye kiti cha nyuma ni ambulansi. Nikinunua hilo, kesho yake mlangoni kuna mtu na mke wake. Miaka yote hii napakiwa kwenye magari yanayokimbia kwa sababu nyuma kuna mtu anakufa. Nataka moja lisilo na nafasi ya mgonjwa. Niingie, nifunge mlango, niende Ujiji, nirudi. Basi."

Sikucheka tena. Tukaanza kutafuta.

Mtu wa kumtafutia Mama Mkunga gari alihitaji subira, kwa sababu hakununua kwa macho wala kwa haraka. Kila gari alilolikagua alilifungulia kadi. Zilikuwa kadi za kliniki ya wajawazito, zile za zamani ambazo hospitali ilikuwa imeacha kuzitumia. Palipoandikwa jina la mama aliandika rangi ya gari na mji. Palipoandikwa shinikizo la damu aliandika nilichomwambia kuhusu oili. Kwenye mstari wa mwisho, ule wa ushauri wa mkunga, aliandika neno moja au mawili: "Arudi baadaye." "Apumzike." Kuna moja aliliandikia "Ana huzuni," na sikuthubutu kumuuliza ameionaje.

Safari ya kwanza ilikuwa Tabora. Mume wake alitukatia tiketi, akatusindikiza mpaka behewani, akanivuta pembeni.

"Fundi, mke wangu anatafuta gari kama wengine wanavyotafuta mchumba. Kila mmoja atakuwa na kasoro. Usije ukaacha kazi yako kwa ajili ya jambo hili."

Nilimwahidi. Mzee yule mwenyewe hakutaka gari la namna yoyote. Alikuwa na baiskeli yake nyeusi, na akiteremka mteremko wa kuingia Ujiji alishuka na kuikokota, akisema breki ni kitu cha kuombewa tu.

Gari la Tabora lilikuwa la njano, mali ya mfanyabiashara wa asali. Lilikuwa zuri kweli. Lilikuwa pia limekaa miaka miwili chini ya turubai, kioo cha upande mmoja kiko wazi, na kwenye kiti cha dereva alikuwa amelala kuku. Mwenye gari akanyoosha mkono amtoe.

"Wewe!" Mama Mkunga akamshika mkono. "Anatamia huyo."

"Ni kuku tu, Mama."

"Ana siku ngapi?"

Yule bwana hakujua. Mama Mkunga akanawa, akachomoa yai moja chini ya kuku bila kuku kusema neno, akalielekeza kwenye jua, akalirudisha. "Bado kama wiki moja," akasema. "Hatumsumbui." Tulikuwa tumesafiri usiku kucha kwenye treni. Nilimsihi niliwashe hata kwa dakika tano. Alikataa, akamwandikia yule bwana kwenye karatasi siku atakayotegemea vifaranga, tukapanda treni ya kurudi. Wiki mbili baadaye barua ikaja kwamba gari limeuzwa kwa mtu wa Singida. Hakusikitika. Aliuliza kama vifaranga wote walitoka salama.

Mwanza mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Muuzaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayenukia manukato, na alitaka kumwonyesha mteja wake mbio. Mimi niliachwa barabarani, maana viti vilikuwa viwili. Waliondoka kwa kishindo. Walirudi baada ya saa nzima polepole sana, Mama Mkunga akiwa kwenye usukani na yule bwana pembeni, shati limefunguliwa vifungo. Mama Mkunga alikuwa amemwona anavyotoka jasho kwenye kona, akamwamuru asimamishe, akatoa kipimo cha presha kwenye mkoba wake, kile ambacho hakukiacha nyuma hata akienda harusini. Akampeleka hospitali moja kwa moja.

"Sasa gari vipi, Mama?" nikamuuliza.

"Gari zuri. Mwenyewe ndiye mbovu. Siwezi kumpa mtu hali ile mshtuko wa kupatana bei."

Huko Mpulungu tulikwenda kwa meli, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa ziwa. Mtu aliyevuka mara ngapi sijui kwenda Mwamgongo kwa boti, kuzalisha wake za wavuvi, alikaa katikati kabisa ya meli amefumba macho, amelishika begi langu la spana kama ndilo litakaloelea. Wazambia walikuwa wanapata magari kutoka kusini kwa bei nafuu, na tuliambiwa kuna jekundu, safi. Lilikuwa safi. Ila mwenyewe alikuwa ameungia kiti cha tatu nyuma, kidogo, kama kigoda, kwa bati na sponji.

"Hiki cha nani?" akauliza Mama Mkunga.

"Cha mama mkwe."

"Basi ameshaniwahi," akasema, akajifuta mikono.

Dar es Salaam ndipo alipokaribia zaidi. Kijana wa yadi alimwambia kwa adabu, "Mama, hilo ni la vijana, nikuonyeshe lile la familia," naye akamjibu, "Familia ndiyo ninayoikimbia, mwanangu, fungua mlango." Akaingia. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Lilikuwa chini kiasi kwamba tulimvuta watu wawili, mimi mkono huu, kijana wa yadi mkono ule, naye anatuelekeza kwa sauti ya leba, "Sasa! Pumzika. Sasa tena!" Alipotoka alikuwa anacheka kama msichana. Hilo angelinunua. Mimi ndiye niliyelala chini na tochi nikaona limeungwa katikati, nusu ya gari hili na nusu ya gari lingine.

Nilipomwambia akaandika kwenye kadi, "Mapacha walioungana. Hapana."

Watu wa Ujiji walimcheka, bila shaka. Mwanamke wa makamo, mke wa karani, anayewakemea vijana wa boti kwa kukimbiza mashine mno, anatafuta gari la mbio nchi nzima. Na kweli alikuwa na mambo yasiyopatana. Sukari aliipima kwa kijiko kilichofutwa juu kwa kidole, lakini kanga alizigawa kambini mpaka mume wake akawa anaficha shuka. Aliwakaripia akina mama waliochelewa kuja kliniki mpaka wakalia, halafu akawasindikiza nyumbani kwa miguu amewabebea mzigo. Akikuona umepandwa na hasira alikuambia "Pumua kwanza," na ukishapumua alikugombeza yeye. Kambini, walisema wenzake, hakuonekana kukaa. Walikuwa wanamwona anakula amesimama. Lakini akija gereji kwangu aliweza kukaa saa mbili juu ya tairi kuukuu, anamenya karanga, ananisikiliza nikimweleza kabureta.

Mwaka wa nne wa kutafuta, gari lilikuja lenyewe.

Lilishuka kwa njia ya Manyovu, kutoka mpakani, pamoja na watu. Wiki hiyo Warundi walikuwa wanaingia kwa mamia, wengi kwa miguu, magodoro vichwani. Kati yao kulikuwa na mwanamke ambaye bado ni kijana, kama miaka thelathini, amevaa gauni zuri lililochanika begani, anaendesha gari la bluu la milango miwili, tope mpaka kwenye vioo. Binti yake wa miaka minne alikuwa amejikunja nyuma ya viti, mahali pa kuwekea koti. Klachi ilikuwa imekufa. Vijana walilisukuma kutoka njia panda mpaka mlangoni kwangu.

Nilifungua boneti nikasahau kusalimia. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kuona injini iliyotunzwa vile. Viti vya ngozi. Usukani wa mbao. Ukiondoa klachi na tope, gari lilikuwa halina ugonjwa.

Kabla sijamaliza kulizunguka, madalali wawili walikuwa wameshafika. Mmoja alitaja bei ya magunia machache ya mahindi. Mwenzake akapunguza. Yule dada alikuwa amekaa juu ya ndoo, mtoto mapajani, anawatazama midomo.

"Miye sina fasi ya kuliweka," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Bujumbura. "Kesho tunapelekwa kambini. Bei yoyote, Fundi. Sema wewe."

Hapa nina jambo la kukiri. Nilijua ni la nani gari hili. Nilikuwa nimezunguka mikoa mitatu na nchi moja ya kigeni kulitafuta. Nikawafukuza madalali kwa maneno makali, nikajiona mtu mwema, halafu nikamgeukia yule dada nikamwambia gari lake ni bovu. Nilisema giaboksi imekwisha. Nilisema vipuri vyake havipatikani hapa nchini. Nilitaka Mama Mkunga alipate kwa bei ya kuokota, iwe zawadi yangu kwake. Yule dada akaitikia kwa kichwa kila nilichosema, hata bei ya kutupa niliyomtajia. Nikapanda baiskeli mbio mpaka Ujiji.

Mama Mkunga alikuwa kwenye wiki yake ya nyumbani. Alikuja vilevile alivyokuwa, na ndala za bafuni. Alipoliona gari alisimama mlangoni mwa gereji, akaweka mkono kwenye saa yake ya kifuani. Akaomba maji. Akanawa taratibu kuliko siku zote. Akaweka kiganja kwenye boneti, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu.

"Ndilo," akasema.

"Ndilo, Mama. Na nimekuombea punguzo. Nimemwambia giaboksi imekwisha."

"Imekwisha?"

"Haijakwisha. Nzima kabisa."

Alimwendea yule dada, akamtazama tumbo kwa mazoea, akaona hakuna kazi, akachuchumaa mbele yake. Wakazungumza, yeye kwa Kiha na mwenzake kwa Kirundi, lugha ambazo zinasikilizana kama ndugu wa nyumba moja. Sikuyasikia yote. Nilimsikia akiuliza mtoto amekula nini. Hakumuuliza mume yuko wapi, ingawa gari lilikuwa na koti la mwanamume limetundikwa ndani.

Kisha akaniita kwa Kiswahili, sauti ya wodini.

"Fundi, njoo umwambie giaboksi ikoje."

Nilitazama chini. Nikamwambia yule dada kwamba nilikosea, giaboksi ni nzima.

"Na vipuri?"

"Vinapatikana."

"Na bei yake ya kweli?"

Nikaitaja. Yule dada alikodoa macho, si kwa furaha. Nadhani aliona tu kwamba hakuna mtu wa kumpa bei hiyo, na sasa hata ile ndogo inaweza kupotea.

"Mama, chukua kwa ile ya kwanza," akasema. "Nakuomba. Miye nimekubali."

"Hiyo si bei ya gari, ni bei ya njaa," Mama Mkunga akasema. "Sinunui njaa ya mtu."

"Basi?"

"Basi sinunui. Nitakutunzia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Yule dada naye alinitazama kama kwamba mimi ndiye wa kumtafsiria. Mama Mkunga akaeleza. Gari litakaa kwake Ujiji. Fundi huyu, aliyesema uongo, atafunga klachi mpya bila malipo. Kila Ijumaa atakayokuwa nyumbani yeye ataliendesha, lisioze, kutoka reli mpaka Ujiji na kurudi, na safari hiyo ndiyo ujira wake wa kulitunza. Siku mwenyewe akilitaka, atalikuta. Kuhusu chakula cha mtoto, yeye mwenyewe yuko kambini wiki tatu kila mwezi, wataonana.

"Na kama sirudi?" yule dada akauliza.

"Utarudi na miguu yako au kwa barua. Nitangoja vyote viwili."

Tuliandikishana kwa mjumbe, mashahidi wawili. Habari za forodha na karatasi zake nitaziruka, maana zilikula miezi na soli za viatu vya mume wake. Madalali walisema mama yule amerukwa na akili. Mimi nilifunga klachi. Nilitumia siku mbili, na alipokuja kulichukua hakunishukuru. Alinitazama tu, akasema, "Na oili?" Nikaweka na oili.

Ndivyo Ujiji ilivyopata gari la spoti.

Nilitegemea atakimbia. Mji mzima ulitegemea; Ijumaa ya kwanza watu walitoka madukani wakajipanga. Mama Mkunga akapita mbele yao kwa mwendo wa mtu anayesukuma toroli la mayai. Gia ya kwanza, wakati mwingine ya pili. Injini ile, iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za mwendo kasi, ilinguruma kwa aibu. Watoto walikimbia pembeni yake, wakamwacha, wakakaa kumngoja mbele. Mume wake alikuwa anampita na baiskeli.

Siku moja trafiki akamsimamisha pale Gungu. Nilikuwa nyuma yake na gari la mteja, kama wenzangu kumi wengine waliokuwa wanapiga honi.

"Mama, unazuia magari," trafiki akasema. "Hata kwenda polepole kupita kiasi ni kosa."

Mama Mkunga akashusha kioo, akamtazama kwa muda.

"Wewe ni wa mama muuza vitumbua, pale Kigoma."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ulitanguliza miguu. Masaa kumi na moja tulihangaika na wewe. Tangu siku ile unasumbua watu njiani."

Trafiki akapiga saluti. Sisi wa nyuma tukaenda naye mwendo wake mpaka Ujiji.

Na wagonjwa walijaribu, msidhani hawakujaribu. Kuna mwanamume aliyesimama katikati ya barabara akiwa na mke wake, uchungu umeshamkaza, akapunga mikono miwili. Mama Mkunga akasimama, akamwonyesha ndani ya gari. "Unaona nafasi?" Yule bwana akaona hakuna nafasi. Basi Mama Mkunga akateremka, akawaingiza wote wawili kwenye duka la mshona nguo lililokuwa jirani, akawatoa wateja nje, na mtoto akazaliwa juu ya vitambaa vya sare za shule. Gari lilibaki barabarani, mlango wazi, mtu yeyote asiliguse. Nilipomkumbusha maneno yake kuhusu wagonjwa alisema, "Kwani nimempakia?"

Gari la yule dada aliliita hivyohivyo daima: gari la yule dada. Watu wenye pesa walimfuata, mmoja kutoka Dar es Salaam na bahasha mkononi. "Si langu," akawaambia. Nilimsikia mume wake akimshauri mara moja, miaka saba imepita, na yule dada kahamishwa kambi, na barua hazijaja, labda sasa tuseme ni letu. Alimjibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Mzee, ukisema ni letu, Ijumaa sitaweza kuliendesha."

Baadaye alistaafu, macho yakaanza ukungu, akaacha kuendesha. Mimi ndiye niliyekwenda kila Ijumaa kuliwasha na kulizungusha, naye akakaa kibarazani kulisikiliza. Nilikuwa nimeshahamishia gereji yangu Kasulu wakati huo, kwa hiyo ilinibidi kusafiri. Sikumwambia kwamba ni mbali.

Mara ya mwisho niliyotaka kuieleza ni Ijumaa mojawapo ya hizo. Kule Burundi kulikuwa kumetulia, watu wanarudishwa kwao, makambi yanafungwa moja moja. Nilikuwa nalipangusa gari uani, Ujiji, mlango ukabishwa. Aliingia mwanamke mnene kidogo, amevaa vitenge vilivyoshonwa kwa ufundi, nyuma yake msichana mrefu kuliko yeye.

"Amahoro, Mama," akamsalimia kwa Kirundi.

Mama Mkunga aligeuza uso. Macho hayakumsaidia, lakini sauti aliijua. Akanyanyuka, akamkamata mashavu, akampapasa msichana kuanzia kichwani mpaka mabegani, akamuuliza analala saa ngapi na anakula mboga gani. Yule dada alikuwa analia na kucheka. Alikuwa ameshona nguo kambini miaka yote hiyo. Sasa alikuwa na chumba cha cherehani Bujumbura, na mafundi wawili chini yake.

"Nilikuja kuuliza tu, Mama," akasema. "Sikudhani lipo. Nilidhani hata ukiwa umeliuza utanipa habari yake."

Nikavuta turubai lililobaki. Yule dada hakusogea. Msichana ndiye aliyelizunguka, akachungulia nyuma ya viti, pale alipokuwa amejikunja siku ile, akasema kwa Kirundi kitu ambacho kilimfanya mama yake akae chini kwenye ngazi.

Mama Mkunga akaomba maji ya kunawa. Nilidhani anataka kulikagua kwa mara ya mwisho. Alinawa, akajifuta, akaja kukaa karibu na mgeni wake.

"Sasa, mwanangu, umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama."

"Una pa kulala?"

"Nina nyumba ya kupanga. Nzuri."

"Basi sasa tunaweza kuzungumza. Unaliuza kiasi gani?"

Yule dada akatazama gari, akatazama binti yake aliyekuwa ameshakaa nyuma ya usukani.

"Siuzi, Mama."

"Taja bei."

"Siuzi. Huyu nitamfundisha kuendesha."

Mama Mkunga akataja bei yeye mwenyewe, na ilikuwa nzuri. Yule dada akatikisa kichwa. Akaongeza. Akaongeza tena, akaweka na kiinua mgongo cha mzee wake juu, mzee mwenyewe yuko msikitini hana habari. Kila mara yule dada alijibu neno lilelile, na kila mara alilisema kwa nguvu zaidi, mgongo unanyooka, mpaka mwisho alikuwa amesimama, mikono kiunoni, kama mwenye duka anayemfukuza dalali.

"Nimesema siuzi!"

Kisha akajishika mdomo, ameogopa alivyompandishia sauti mtu mzima.

Mama Mkunga alikuwa anapiga mapaja yake kwa viganja. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamletea maji. "Fundi, umemsikia?" akasema. "Umemsikia anavyokataa?"

Nililijaza mafuta, nikawapa karatasi. Waliondoka alasiri, mama na binti, viti viwili, vitenge vimefungiwa kwenye buti. Yule dada aliendesha. Alipofika kwenye lami alikanyaga, na kwa mara ya kwanza nikaisikia injini ile inavyosema ikiachiwa. Tuliisikia mpaka upande wa Mwanga.

Mama Mkunga alisimama barabarani akiwa amenishika mkono.

"Nililitaka sana gari lile," akasema.

"Najua, Mama."

"Sana."

Tulirudi uani. Aliandaa chai mwenyewe, kwa kupapasa, hakutaka nimsaidie. Mume wake aliporudi kutoka msikitini, alisimama mbele ya mahali palipokuwa na gari, akatazama alama ya oili sakafuni, akatutazama sisi.

"Liko wapi?"

"Mwenyewe amelichukua," Mama Mkunga akasema, akamsogezea kikombe.